Cheti cha daktari hakikutosha

Simu ya mkalimani ilikuwa katikati ya meza, spika imewashwa. Kila aliyetaka kusema aliiinamia kidogo, akapaza sauti, halafu akanyamaza kusubiri.

Upande mmoja walikaa mwanasaikolojia wa shule, mtaalamu wa lugha na matamshi, mwalimu wa darasa na naibu mkuu wa shule. Upande wa pili alikaa jirani yangu, bahasha ya kaki mapajani, nami kando yake kwa cheo cha ndugu wa familia. Ndani ya bahasha kulikuwa na cheti cha daktari wa watoto kinachosema kwamba mwanawe wa kiume, mwenye miaka 6, amechelewa makuzi kwa ujumla: kusema, kuelewa, kujihudumia, karibu kila kitu isipokuwa kucheka.

Mwanasaikolojia alisoma ripoti yake taratibu, kwa adabu. Mtoto ni mchangamfu. Anapenda wenzake. Alama zake ziko chini sana. Kisha akafika penyewe: kwa sasa timu haioni kwamba mtoto anastahili elimu maalum. Bado anajifunza Kiingereza. Apewe muda.

Mkalimani akatafsiri. Jirani hakuijibu simu. Alinigeukia mimi.

"Dada, hata Kifuliiru hasemi."

Kifuliiru ndiyo lugha yao ya nyumbani, ya kwao Kivu huko Kongo. Alisema kwa sauti ya chini, mkalimani hakuisikia, na sentensi hiyo haikuingia kwenye kumbukumbu za kikao. Kikao kikafungwa, sahihi zikawekwa, tukapewa nakala.

Tangu siku hiyo sijaacha kuiwaza sentensi ile. Majina sitayataja, wala ya shule. Mtoto ana haki ya kukua bila kusomwa na watu asiowajua.

Hospitali inauliza lake, shule inauliza lake

Wenzangu mlioko Texas mnakijua kikao cha ARD, kile ambacho shule na mzazi huamua kama mtoto anastahili elimu maalum na apewe nini, na wengine mmeshalia ndani yake, kwa hiyo sitakieleza zaidi ya hapo. Ninachotaka kukikamata ni kile kilichomchanganya jirani yangu kuliko vyote: mbona daktari ameandika, tena kwa mhuri, na shule inasema hapana?

Sheria ya nchi nzima ya elimu kwa watoto wenye ulemavu, inayoitwa IDEA, ina maswali mawili. La kwanza: je, mtoto ana ulemavu ulio katika moja ya makundi 13 yaliyotajwa, kama usonji, ulemavu wa akili, uziwi au tatizo la lugha na matamshi? La pili: je, kwa sababu ya ulemavu huo anahitaji kufundishwa kwa namna iliyotengenezwa mahususi kwa ajili yake? Lazima yote mawili yajibiwe ndiyo. Daktari anaweza kujibu sehemu ya lile la kwanza. La pili hawezi, maana hajawahi kumwona mtoto akiwa darasani.

Ukilitafakari, si upuuzi. Yupo mtoto mwenye kifafa kilichotulizwa kwa dawa, anasoma vizuri, hahitaji mwalimu maalum. Yupo mwingine anayefeli kila somo na hana ulemavu wowote.

Ila kuna mtego mdogo ambao familia nyingi hazijaambiwa. "Kuchelewa makuzi" hakumo kwenye yale 13. Ni kundi la ziada ambalo kila jimbo linaamua lenyewe kulitumia au kutolitumia, kwa watoto wa miaka 3 hadi 9 au kwa sehemu tu ya umri huo. Texas kwa miaka mingi ilikuwa na kundi la namna hiyo kwa wa miaka 3 hadi 5 peke yao. Ni hivi karibuni tu imeruhusu lifike 9. Kwa hiyo mtoto anaweza kuhama jimbo kwenye kiti cha nyuma cha gari la baba yake na kundi lake likabaki njiani, hali akili yake ni ile ile iliyopanda gari asubuhi.

Jirani yangu aliliona hilo haraka kuliko mimi. "Kumbe ugonjwa una mipaka kama nchi," alisema.

Kipengele kilichonikera

Nilirudi nyumbani nikaisoma ripoti neno kwa neno. Uamuzi ule ulisimama juu ya kipengele kimoja cha kanuni: mtoto asihesabiwe kuwa na ulemavu iwapo sababu kuu ya kusuasua kwake ni kukosa mafundisho yanayofaa ya kusoma au hisabati, au ni kutojua Kiingereza vizuri.

Niliposoma mara ya kwanza nilikasirika. Nikaona hapa ndipo watoto wetu wanapozamishwa. Mtoto aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, Tanzania, ambako shule za wakimbizi wa Kongo zilifuata mtaala wa Kongo, akaletwa Houston akiwa na miaka 4, bila shaka hajui Kiingereza. Kila mtoto wa namna hiyo anaweza kuambiwa asubiri. Na kwa mwaka wa fedha wa 2023 peke yake Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 18,000 kutoka Kongo, wengi kuliko kutoka nchi nyingine yoyote. Hesabu mwenyewe ni madawati mangapi.

Nilikuwa tayari kuandika makala ya hasira. Lakini nikaanza kuuliza kipengele hiki kilitoka wapi, na huko nilikokifuata hasira ilipungua nguvu.

Mwaka 1970 huko California kulikuwa na kesi inayojulikana kama Diana. Watoto tisa wa asili ya Meksiko walikuwa wamewekwa kwenye madarasa ya watoto wenye ulemavu wa akili. Walipimwa akili kwa Kiingereza. Nyumbani walikuwa wanasema Kihispania. Walipopimwa tena kwa lugha yao, wengi wao hawakuwa na ulemavu wowote.

Mwaka uliofuata, San Francisco, familia za watoto Weusi zilikwenda mahakamani kwa jambo linalofanana: vipimo vya akili vilikuwa vinawasukuma watoto wao kwenye madarasa hayo kwa wingi usioelezeka. Kesi hiyo, Larry P., iliamuliwa mwaka 1979, na jaji akakataza California kuvitumia vipimo hivyo kuwaweka watoto Weusi kwenye madarasa ya aina ile.

Kwa hiyo yule mwanasaikolojia mpole, kwa kusema "bado anajifunza Kiingereza", alikuwa anarudia somo ambalo watoto wengine walililipia kwa miaka yao ya shule.

Hapo ndipo nilipokwama. Kipengele ni kizuri. Mtoto wa jirani yangu kinamwacha nje. Yote mawili ni kweli, na sikujua niyaweke wapi.

Asilimia 8.5

Kwingine kokote ningeweza kuishia hapo, nikasema ni tahadhari tu. Lakini hii ni Texas.

Mwaka 2004 idara ya elimu ya jimbo iliingiza kigezo kipya katika kuzipima wilaya za shule: wilaya ambayo wanafunzi wake wa elimu maalum wanazidi asilimia 8.5 ingeonekana ina kasoro. Hakuna utafiti uliosema kwamba ulemavu wa watoto huishia kwenye asilimia 8.5. Ni namba iliyoamuliwa mezani. Wakati huo wanafunzi wa elimu maalum Texas walikuwa karibu asilimia 12. Kufikia mwaka 2015 walikuwa 8.5, wachache kuliko jimbo lolote, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu 13.

Ulemavu haukupungua Texas. Kilichopungua ni ndiyo.

Wazazi waliambiwa wasubiri. Waliambiwa mtoto wa kiume huchelewa kusema. Waliambiwa jaribuni kwanza masomo ya ziada. Ni mwaka 2016 gazeti la Houston Chronicle lilipofichua kikomo hicho, na likaonyesha pia kwamba watoto wanaojifunza Kiingereza walikuwa miongoni mwa walioachwa nje zaidi. Mwaka 2017 bunge la jimbo likapiga marufuku vikomo vya aina hiyo. Januari 2018 wizara ya elimu ya Marekani ikatoa matokeo yake: Texas ilivunja sheria ya shirikisho.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mzazi. Unaambiwa "apewe muda". Utajuaje kama aliyesema hivyo ameifikiria kesi ya Diana, au ni mazoea ya ile miaka ya 8.5 yaliyobaki kwenye ulimi? Maneno ni yale yale. Hata anayeyasema huenda hajui yametoka wapi.

Na tusijifanye fedha haziko chumbani. Bunge la Marekani lilipopitisha sheria hii mwaka 1975 liliahidi kutoa, kwa kila mtoto mwenye ulemavu, hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja nchini. Kwa kawaida fedha hizo hazifikii hata nusu ya ahadi hiyo. Rais Gerald Ford, alipoitia saini Novemba 29 mwaka huo, alionya kwamba inaahidi zaidi ya kile serikali inachoweza kutoa. Basi wilaya inabeba kilichobaki, na kila "anastahili" ni mshahara wa mtu.

Umri wa akili wa miaka mitano

Kabla ya sheria hiyo, mambo yalikuwa wazi zaidi na mabaya zaidi. Pennsylvania ilikuwa na sheria iliyoruhusu shule kumkataa mtoto ambaye hajafikia "umri wa akili" wa miaka mitano. Mtoto wa miaka 8 mwenye akili inayopimwa kuwa ya miaka 4 angeweza kurudishwa nyumbani, na sheria ikawa upande wa shule. Wazazi waliungana chini ya chama cha PARC wakaishtaki Pennsylvania, na kufikia 1972 jimbo lilikuwa limekubali mbele ya mahakama kwamba kila mtoto atafundishwa. Mwaka huo huo, katika kesi ya Mills jijini Washington, wilaya ilijitetea kwamba haina fedha. Jaji akasema kama fedha hazitoshi, upungufu huo usiwaangukie watoto wenye ulemavu peke yao.

Nalitaja hili kwa sababu nikisoma historia ile naona swali la kustahili limegeuka. Zamani mtoto ndiye aliyetakiwa kuonyesha kwamba anafundishika. Sasa anatakiwa kuonyesha kwamba ana ulemavu wa kutosha. Mtoto wa jirani yangu mwaka 1965 angekataliwa kwa kuwa na ulemavu mno. Juzi alikataliwa kwa kutouthibitisha.

Swali ambalo halikuulizwa

Wazazi wasiokubaliana na tathmini ya wilaya wana haki ya kuomba tathmini huru, ifanywe na mtaalamu wa nje, kwa gharama ya wilaya. Wilaya ina njia mbili tu: ilipe, au iombe kikao cha sheria kuitetea tathmini yake. Inaruhusiwa kumuuliza mzazi sababu. Hairuhusiwi kumlazimisha aeleze. Jirani yangu aliomba, kwa barua fupi. Wilaya ikalipa, bila vita. Ninasema hivyo kwa haki yao.

Mtaalamu aliyekuja alikuwa mama wa makamo, Mmarekani, na alikuja na mkalimani wa kukaa naye chumbani, Mkongo wa Uvira, si wa simu. Alitaka kumwona mtoto ofisini kwake na nyumbani pia. Siku ya nyumbani nilikuwepo.

Hakuanza na mtoto. Alianza na mama.

"Una watoto wangapi? Yupi alitembea mapema? Yupi alichelewa?"

Jirani yangu, ambaye katika kikao cha shule alikuwa ametamka maneno ya kuhesabika, alifunguka. Tarehe hana, ila anakumbuka. Huyu alikaa baada ya mvua za kwanza, wenzake wote walikaa kabla. Alianza kutembea mimba ya mdogo wake ikiwa tayari inaonekana, mwaka ambao mgao wa chakula kambini ulipunguzwa tena. Maneno? Alisema "mama" halafu akaliacha, likarudi baadaye. Homa kali ya degedege? Hapana. Masikio? Yamepimwa, ni mazima, karatasi hii hapa.

Yule mtaalamu aliandika kila kitu, pamoja na mgao. Alikuwa anajenga kalenda kutokana na mambo ambayo mama anayajua.

Kisha akasema: mtume kama unavyomtuma siku zote.

Mama akasema kwa Kiswahili chao cha Kivu: beba kikombe, peleka kwa dada yako, halafu njoo ukae. Mtoto akachukua kikombe. Akatembea hatua chache, akasimama katikati ya chumba, akakitazama kikombe, akamtazama mama, akacheka. Mama akarudia kwa Kifuliiru. Akacheka tena. Kikombe kilikuwa cha plastiki ya bluu, alikikumbatia kwa mikono miwili.

Mdogo wake wa kike, miaka 4, akainuka kwenye mkeka alikokuwa akiangalia katuni. Akamnyang'anya kikombe, akampelekea dada mkubwa, akarudi, akakaa. Akamwambia kaka yake kwa Kiingereza cha katuni: umeona?

Mtaalamu alimtazama yule msichana kwa muda kuliko alivyomtazama mvulana. Akaandika mistari kadhaa.

Nyumba moja. Ndege moja. Lugha zile zile tatu. Aliyekuja akiwa mdogo zaidi, aliyesikia Kiswahili kidogo zaidi, ameshavuka.

Hiyo ndiyo maana ya sentensi iliyopotea kwenye kikao. Wataalamu wa fani hii wanalijua vizuri: mtoto ambaye shida yake ni lugha mpya tu atakuwa sawa katika lugha ya nyumbani. Ataomba maji, atasimulia ugomvi, atadanganya. Mtoto mwenye ulemavu wa makuzi atasuasua katika lugha zote alizo nazo. Kumbe kipengele cha Kiingereza hakikuwa adui wa mtoto huyu. Kilihitaji tu mtu wa kuuliza yeye yukoje kwa Kifuliiru.

Na sheria inalitaka hilo. Inataka mtoto apimwe kwa lugha inayoweza kuonyesha kweli anachojua, iwapo inawezekana. Inataka asipimwe kwa kipimo kimoja pekee. Inataka taarifa za mzazi zichukuliwe kama sehemu ya tathmini. Kwenye ripoti ya kwanza, sehemu ya mzazi ilikuwa fomu iliyotumwa nyumbani kwa Kiingereza, ikarudi na jina la mtoto na sahihi, basi. Hakuna aliyemnyima mama nafasi ya kusema. Walimpa nafasi yenye umbo ambalo yeye hawezi kulijaza.

Mama aliogopa ndiyo pia

Nisiwafanye mkadhani alikuwa anaitaka hiyo elimu maalum kwa moyo mmoja. Usiku wa kuamkia kutuma barua ya tathmini huru alinipigia.

"Dada, wakisema anastahili, watamtenga? Watu wa kanisa watasema nini?"

Nilikawia kumjibu. Mimi nimekulia Kigoma, najua mtaani mtoto wa namna hii anaitwaje, na najua walioitwa hivyo wengi wao hawakuvuka uzio wa nyumba yao. Siku hizi Tanzania ina vitengo vya elimu maalum ndani ya shule za msingi za kawaida, na nimeona mzazi akimpeleka mtoto kitengoni kwa njia ya nyuma ili asionwe. Jina la ulemavu likishamshika mtoto, watu hulitumia kabla ya jina lake.

Na kesi ya Larry P. haikuwa hadithi ya kale kwangu. Mtoto huyu ni Mweusi, mkimbizi, mama yake hajui Kiingereza. Ukimpa lebo hapa, nani atakayeitoa ikiwa imekosewa?

Nilimwambia ninachokiamini, na sikuwa na uhakika kama kinatosha. Kwamba kustahili ni jambo moja, na mahali pa kusomea ni jambo jingine linaloamuliwa baadaye, na sheria inataka mtoto asome pamoja na wenzake wasio na ulemavu kadiri inavyofaa kwake. Kwamba mtoto hawezi kuanza kupewa huduma hizo bila sahihi yake yeye mama. Kwamba anaweza hata kuziondoa baadaye, kwa maandishi. Kwamba kila baada ya miaka 3, kama si mapema, lazima waangalie upya iwapo mtoto bado anastahili, isipokuwa yeye na shule wakubaliane kwamba haihitajiki.

Akanyamaza. Halafu akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Na tukimwacha asubiri, si hiyo pia ni kumtenga? Anakaa darasani, haelewi, anacheka tu."

Sina jibu bora kuliko swali hilo. Kusubiri hakuna lebo, kwa hiyo hakuonekani kwenye takwimu za mtu yeyote. Ukimwekea mtoto kundi lisilo lake, kuna karatasi, kuna sahihi, kuna wa kushtakiwa. Ukimsubirisha miaka miwili ya mwanzo wa shule, hakuna aliyefanya kosa. Ndiyo maana, nadhani, taasisi zinapenda kusubiri.

Kwa mnaoniandikia

Baadhi yenu mmeniuliza mambo ya utaratibu, nami nitayapitia haraka, maana hapa ndipo watu wanapopoteza muda bila sababu.

Ombeni kwa maandishi, na wekeni tarehe. Ukimwambia mwalimu mlangoni kwamba una wasiwasi, saa haijaanza kuhesabu. Hapa Texas wilaya ikipokea ombi la maandishi ina siku 15 za shule kujibu: ama ikupe fomu ya ridhaa, ama ikukatalie kwa maandishi ikieleza kwa nini. Ukishatia sahihi, ina siku 45 za shule kumaliza ripoti. Kisha kikao, ndani ya siku 30. Majimbo mengine yana hesabu zao. Pale ambapo jimbo halikujiwekea muda wake, sheria ya shirikisho inatoa siku 60 tangu ridhaa.

Kwenye barua hiyo hiyo andikeni lugha za nyumbani, zote, pamoja na ile mnayodhani haina maana. Kama ni Kibembe, andikeni Kibembe. Na semeni mtoto yukoje katika lugha hiyo: anatunga sentensi au neno moja moja, wageni wanamwelewa au ni ninyi tu. Mstari huo mmoja ungetuokolea miezi.

Cheti cha daktari pelekeni. Hakifungi mjadala, lakini timu inapaswa kukiangalia.

Mtoto ambaye hajafika miaka 3 ana mfumo wake tofauti na wa shule, wa kuwahi mapema, na hamhitaji kungoja daktari aseme. Mzazi mwenyewe anaweza kuomba.

Msitie sahihi kikaoni kama hamjaelewa. Chukueni nakala, nendeni nayo nyumbani.

Kikao cha pili

Mara hii mkalimani alikuwa chumbani. Ripoti huru ilisomwa, pamoja na kalenda ya mvua na mgao, iliyopigwa chapa vizuri kwenye ukurasa wa pili. Timu ilikubali: mtoto anastahili, chini ya kundi la kuchelewa makuzi.

Yule mwanasaikolojia wa kwanza alikuwepo. Alimuuliza mama maswali mawili ya ziada kuhusu Kifuliiru na kuandika majibu. Nilimheshimu kwa hilo.

Jirani yangu ndiye aliyeuliza lile la miaka 9. Itakuwaje akifika umri ambao kundi hili linaisha? Wakamweleza: kabla ya hapo atapimwa upya, na itabidi aonekane katika moja ya yale 13, la sivyo huduma zitasimama. Alitikisa kichwa taratibu, akaniambia niandike. Niliandika. Kwa hiyo ile safari ya kuthibitisha itarudi, na mimi sijui kama siku hiyo atakuwepo mtu wa kumuuliza mama.

Halafu wakaingia kwenye mpango wenyewe. Dakika za mtaalamu wa matamshi kwa wiki. Msaidizi darasani asubuhi. Atabaki na darasa lake la kawaida kwa sehemu kubwa ya siku, jambo ambalo mama alilirudia mpaka likaandikwa jinsi alivyolitaka. Malengo yalikuwa yameandaliwa: kutambua herufi kadhaa, kufuata agizo la hatua mbili, kuomba msaada.

Wakamuuliza mama kama ana la kuongeza.

Alisema ana moja. Kambini mtoto akipotea kila mtu anamjua ni wa nani, watamrudisha. Hapa Houston akipotea hawezi kusema. Anataka wamfundishe mwanawe kutaja jina lake kamili na jina la mama yake kwa mtu asiyemfahamu.

Mtaalamu wa matamshi akauliza kama ni kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Mama akasema majina ni yale yale. Wakacheka wote, kisha wakaanza kubishana ni kwa kiwango gani, maana lengo lisilopimika haliruhusiwi. Mwishowe likaandikwa hivi: kwa mtu mzima asiyemzoea, bila kukumbushwa, mara 4 kati ya 5, ifikapo Mei.